Deenie na Samaki Mbichi

Mwaka 1984, nilipokuwa mwalimu wa Kiingereza katika shule moja ya wasichana mkoani Tanga, tuliletewa maboksi manne ya vitabu vya msaada kutoka Marekani. Walimu wenzangu wanayajua maboksi ya namna hiyo. Ndani yake mlikuwa na kitabu cha sheria za kodi za jimbo fulani, mwongozo wa kutunza waridi mahali penye theluji, na hadithi za Krismasi zilizokosa jalada. Chini kabisa ya boksi la tatu palikuwa na kitabu chembamba cha Judy Blume kiitwacho Deenie, kilichotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1973. Nilikifungua nikiwa nimesimama. Nilipofika mahali msichana anapoambiwa ainame aguse vidole vya miguu huku mtu mzima akimtazama mgongo kwa nyuma, nilikaa chini, juu ya boksi lenyewe.

Mimi nami mgongo wangu umepinda. Sitakawia sana kwenye habari hiyo, maana nia yangu ni kuzungumzia kitabu, lakini msomaji ana haki ya kujua nimekaa upande gani wa meza. Aliyenigundua hakuwa daktari. Alikuwa fundi cherehani, barazani kwake, nilipopelekwa kupimwa sare ya shule nikiwa na miaka 13. Alipima kutoka kiunoni hadi gotini upande wa kulia, akapima upande wa kushoto, akarudia, kisha akaining'iniza futi yake shingoni na kumwambia mama kwa sauti ya chini kwamba sketi ya binti huyu itabidi aikate upande, la sivyo pindo litakwenda kombo. Mama hakujibu. Njia nzima ya kurudi nyumbani alinitanguliza mbele, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo, nikajua ananitazama mgongo.

Hospitali huiita hali hii skoliosisi. Uti wa mgongo, ambao ukitazamwa kwa nyuma hutakiwa kushuka kama uzi wa timazi, huenda pembeni na papo hapo hujisokota, hata mbavu za upande mmoja zikatokeza mtu anapoinama. Ndiyo maana mtoto huambiwa ainame. Ni kipimo alichokieleza daktari Mwingereza, William Adams, mwaka 1865, na mpaka leo kinatumika. Upinde huanza kuhesabiwa kuwa skoliosisi ukifika digrii 10. Katika watoto 100 walio katika umri wa kubalehe, wawili au watatu huwa nao, na upinde mkubwa huwaangukia zaidi wasichana. Kwa walio wengi chanzo hakijulikani. Haletwi na begi la shule mtu huyu, wala na kukaa vibaya darasani, wala na ndoo ya maji kichwani. Nayaandika haya kwa kuwa mama yangu alikufa akiamini ilikuwa ndoo, na kwamba yeye ndiye aliyenitwika.

Mtoto anayeendelea kukua, ikiwa upinde si mkubwa mno, hufungwa kifaa kigumu kiwiliwilini ili kuuzuia usiongezeke hadi mifupa ikomae. Kila mzee anayeelezwa habari ya kifaa hicho hutoa methali ileile: samaki mkunje angali mbichi. Kwa upande wa mfupa methali hiyo ni kweli tupu, na daktari yeyote atakubali. Ila ina kasoro moja. Samaki anayekunjwa amekwisha kufa. Haulizwi kitu, haendi shule, hana rafiki atakayemkuta amekunjwa. Tangu siku ile ya boksi nimekuwa nikivipima vitabu vyote vinavyogusa mgongo uliopinda kwa swali moja tu: je, mwandishi anajua kwamba samaki huyu yu hai?

Wengi hawajui, na hata lugha yetu haiwasaidii. Mtu mwema kwetu ni mnyoofu. Mambo yakiharibika tunasema yamepinda, au yamekwenda kombo. Kijana akipotoka tunamwombea anyooke, na mkubwa akitaka kutisha watu huahidi kuwanyoosha. Mchapakazi peke yake ndiye anayesifiwa kwa kujipinda, na hata yeye kwa siku za kazi tu. Mtoto mwenye mgongo wa kombo huyasikia maneno haya kutwa nzima, mimbarini, darasani na redioni, wala hayakusudiwi yeye, lakini ni nani atakayemwambia hivyo? Bibi yangu alikuwa na jibu lake kwa waliokuwa wakiniita Kibiongo. Aliwaambia: hujafa hujaumbika. Nilimshukuru, na bado namshukuru. Lakini siku nilipokua nikaona kwamba methali ile inamkinga anayechekwa kwa kumtisha anayecheka. Inamwambia nyamaza, yasije yakakupata. Mimi hubaki palepale, nikiwa ndiyo yale yasiyotakiwa kumpata mtu.

Katika fasihi ya Kiingereza tuliyosomeshwa, mkuu wa wote wenye mgongo uliopinda ni mfalme Richard wa Tatu. Mwalimu Nyerere alipochagua tamthilia za Shakespeare za kutufasiria alituletea Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi. Richard III hakuigusa. Mimi niliikuta chuoni, kwa Kiingereza. Shakespeare aliiandika mwanzoni mwa miaka ya 1590, karne nzima baada ya mfalme kuuawa vitani Bosworth mwaka 1485, chini ya utawala wa mjukuu wa yule aliyemuua na kuchukua kiti. Anafungua mchezo kwa kumsimamisha Richard peke yake jukwaani, naye anawaeleza watazamaji kwamba ametumwa duniani kabla hajamalizika kuumbwa, kwamba hata mbwa humbwekea apitapo, na kwa hiyo, kwa kuwa hawezi kuwa mpenzi wa mtu, ameamua kuwa mwovu.

Nilipoisoma hotuba hiyo nikiwa na miaka ishirini na kitu nilishikwa na mambo mawili kwa pamoja. Sehemu ya kwanza niliijua. Huyo mwenye kuhisi kwamba alitolewa jikoni kabla hajaiva, anayepita njiani huku akihesabu ni nani amegeuka, ndiye mimi wa darasa la saba. Shakespeare alipajuaje mahali pale? Sehemu ya pili ilinitukana. Uongo wa hotuba nzima umo katika neno "kwa hiyo". Nimeishi na mgongo huu zaidi ya miaka 50, nimewafahamu wengine wanane au tisa wenye hali kama yangu, na sijaona hata mmoja aliyepita njia hiyo kutoka mfupani hadi rohoni. Niliowaona walikuwa wapole mno, na huo upole ulikuwa ugonjwa wao wa pili: watu wasiokaa viti vya mbele, wanaosubiri wengine watoke kwanza ndipo nao wainuke.

Mwezi Septemba 2012 mifupa ya Richard ilifukuliwa mjini Leicester, chini ya uwanja wa kuegesha magari, na mwaka 2014 wataalamu waliochunguza uti wake walichapisha matokeo katika jarida la Lancet. Ulikuwa umepinda kweli, zaidi ya digrii 60, kuelekea kulia, hata bega la kulia likawa juu kuliko la kushoto. Lakini mkono ulionyauka haukuwapo, wala dalili ya kuchechemea, wala nundu ile waigizaji wanayoifunga mgongoni kwa mto. Ilikuwa skoliosisi ya kawaida, ya namna inayoanza baada ya miaka 10 mtoto anapokua haraka. Watafiti walisema fundi hodari wa nguo au wa deraya angeweza kuificha. Nilipoyasoma hayo nilimkumbuka fundi wangu na sketi yake iliyokatwa upande. Mfalme wa Uingereza naye alikuwa na fundi aliyejua na kunyamaza! Siri ya mtu huyo, ambaye kwa miaka mia nne amekuwa mfano wa ubaya, ilikuwa ya namna ileile ya msichana wa shule: bega moja kwenda juu, na kuchagua nguo.

Wako watakaoniuliza kwa nini simtaji Frida Kahlo, mchoraji wa Meksiko aliyejichora mwaka 1944 amefungwa koseti ya chuma, uti wake ukiwa nguzo ya mawe iliyopasuka. Picha hiyo naiheshimu. Lakini maumivu yake makubwa yalitoka katika ajali ya basi ya mwaka 1925, na tena yeye alikuwa mtu mzima aliyetaka atazamwe. Tatizo la mtoto wa skoliosisi ni kinyume chake. Haumwi sana, mara nyingi haumwi kabisa, na hataki kutazamwa. Anaambiwa ni mgonjwa wakati yeye mwenyewe hajihisi mgonjwa, kisha anapewa dawa inayomfanya aonekane mgonjwa.

Hapo ndipo Judy Blume anapowashinda wakubwa hao wote, nami natambua ninachokisema, kwa maana kitabu chake ni cha watoto, sentensi zake ni fupi na nyingine hazina ladha, na mwalimu wa fasihi hawezi kukipanga rafu moja na Shakespeare bila kuchekwa.

Deenie Fenner ana miaka 13, anakaa Elizabeth, mji wa New Jersey. Baba yake ana kituo cha mafuta. Mama yake amekwisha kuwagawia mabinti zake wawili kazi za maisha: dada mkubwa, Helen, ndiye mwenye akili, na Deenie ndiye mwenye sura. Kwa hiyo Deenie anapelekwa New York kwenye ofisi za wanamitindo, na kila hatua anaambiwa asimame vizuri. Msomaji anayejua yatakayofuata husoma kurasa hizo akiwa ameuma meno. Mama anamgombeza mtoto kwa uvivu wa kusimama, kumbe ni mfupa. "Simama wima!" Mimi niliambiwa hivyo gwaridani mbele ya shule nzima, na nilikuwa nimesimama wima kadiri nilivyoweza. Kosa hili la kuuchukulia mfupa kuwa tabia Blume hakulieleza kwa mahubiri. Aliliacha litendeke, ukurasa baada ya ukurasa, hadi mwalimu wa michezo alipomtazama Deenie kwa makini kuliko mama yake.

Kisha anafungwa kifaa kiitwacho Milwaukee, kilichobuniwa katika mji huo miaka ya 1940 na madaktari Walter Blount na Albert Schmidt: mkanda mpana nyongani, vyuma virefu mbele na nyuma, na pete inayozunguka shingo chini ya kidevu. Atakivaa miaka minne. Ni bahati mbaya ya tarehe, kwani mwanzoni mwa miaka hiyohiyo ya 1970 madaktari wa Boston walikuwa wameanza kutengeneza kifaa cha plastiki kisichofika shingoni, ambacho mtu aweza kukificha ndani ya gauni. Deenie hana pa kukifichia. Na jambo la kwanza analolifanya ni kuchukua mkasi na kukata nywele zake nzuri. Mwandishi mwingine angetueleza kwa nini. Blume hatuelezi, na sisi hatuhitaji kuelezwa: sura ni mali ya mama, na mtoto ameamua kuivunja mwenyewe kabla haijavunjwa na wengine.

Yako mambo madogo ambayo nisingeamini mtu asiye na hali hii ameyawaza. Dawati la shule haliendani tena na mwili. Nguo zinachanika. Anakataa kuvaa fulana ya ndani kwa kuwa ni ya kitoto, na ngozi inalipa kwa upele, naye sasa ndiye mwenye upele, wakati darasani yumo msichana ambaye yeye na wenzake walikuwa wakimkwepa kwa sababu ya ngozi yake. Yumo pia mama mzee mwenye nundu anayeuza magazeti, ambaye Deenie alikuwa akimwogopa. Sasa anamtazama kama mtu anayetazama picha yake ya baadaye. Shuleni anaambiwa kwamba anastahili kupanda basi la watoto walemavu. Hiyo ndiyo siku anayojua kwamba kumbe kuna orodha, na jina lake limeingizwa.

Lakini ukurasa ulioniweka juu ya boksi hadi kengele ya mchana ni mwingine, na ndio uliofanya baadhi ya shule na maktaba za Marekani zikitoe kitabu hiki rafuni. Deenie ana siri ya usiku, jambo ambalo wasichana wengi hulifanya peke yao na hakuna anayelisema. Darasani amesikia kwamba jambo hilo huweza kulemaza mwili. Basi anaogopa kwamba mgongo wake umepindishwa na mkono wake mwenyewe. Watu wazima waliosoma ukurasa huo waliona uchafu. Mimi niliona mtoto anayefanya hesabu ya dhambi zake ili apate chanzo cha ugonjwa usio na chanzo. Kila mmoja wetu aliifanya hesabu hiyo. Mama aliifanya na ndoo yake. Mimi nilikuwa nimewahi kumcheka mwanamke mmoja wa mtaani kwetu aliyekuwa akitembea kwa fimbo, na kwa miaka mitatu nilikuwa na hakika kabisa kwamba ni yeye. Daktari anaposema "chanzo hakijulikani" hudhani amejibu. Kwa mtoto ameacha mlango wazi, na usiku chochote huweza kuingia.

Sitaki kukisifu kitabu kupita kiasi. Kasoro yake kubwa ni kwamba kinakwisha mapema. Kinatuacha kwenye sherehe ya vijana, ambako Deenie amekwenda na nguo za kubadilisha mfukoni akikusudia kukivua kifaa, na hakivui. Vizuri. Lakini hiyo ni miezi michache ya kwanza katika miaka minne! Ushujaa wa siku za mwanzo una mashahidi. Watu hukuonea huruma, walimu hukuuliza habari. Ugumu ni mwaka wa pili, Jumatano, wakati kila mtu amekwisha kuzoea, hakuna anayekusifu, na bado kinabana. Blume hakufika huko. Tena baba wa Deenie, anayesimama kwa upole na kusema kifaa hakivuliwi, ametengenezwa kwa haraka. Ni nguzo ya kuegemezea mwisho wa hadithi kuliko mtu. Na fedha hazitajwi. Msomaji wa kwetu huuliza swali hilo ukurasa wa tatu.

Mama ndiye aliyechorwa kwa ukamilifu. Blume mwenyewe amesimulia kwamba wazo lilimjia alipokutana na msichana wa miaka 14 aliyekuwa amevaa kifaa na kuonekana ameizoea hali yake, wakati mama yake alikuwa akibubujikwa na machozi. Msomaji aipime picha hiyo. Aliyefungwa ametulia, asiyefungwa analia. Kitabu kizima kimetoka hapo, na kwa maoni yangu ndiyo sababu kimekuwa kweli: kilianza kwa kumtazama mtu aliyeko kando ya kitanda.

Kwa muda mrefu nilidhani haya ni mambo ya fasihi tu, kwamba daktari anyooshe mfupa na mwandishi ashughulike na machozi. Kisha mwaka 2013 yakatoka matokeo ya utafiti uliofanywa katika hospitali 25 za Marekani na Kanada. Swali lilikuwa rahisi: kifaa kinasaidia au hakisaidii? Walikusudia kuwagawa watoto kwa kura, wengine wavae, wengine waangaliwe tu. Familia nyingi zilikataa kupigiwa kura, zikataka kuchagua zenyewe, ikabidi watafiti wabadili mpango na kuwapokea waliochagua pamoja na wa kura, jumla watoto 242. Katika waliopewa kifaa, 72 kwa kila 100 walifika ukomavu wa mifupa bila upinde kufikia digrii 50, ambapo upasuaji huanza kufikiriwa. Kwa walioangaliwa tu walikuwa 48. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati, kwa kuwa jibu lilikuwa limeonekana.

Jambo lililonigusa mimi ni kidude kidogo cha kupima joto walichokificha ndani ya plastiki, ili wajue ni saa ngapi kwa siku kifaa kiko mwilini kweli na saa ngapi kiko chini ya kitanda. Waliovaa kwa wastani wa saa 13 hivi au zaidi walifanikiwa kwa asilimia 90 na kitu. Waliovaa chini ya saa sita hawakuwapita wasiovaa kabisa. Yaani plastiki haitibu. Kinachotibu ni saa, na saa zimo mikononi mwa msichana wa miaka 13 akiwa chumbani kwake mlango umefungwa. Nafsi, ambayo vitabu vya hospitali huiweka sura ya mwisho, kumbe ndiyo yenye funguo za dawa.

Utafiti huohuo ulisema jambo jingine ambalo mwanzoni sikulipenda. Watoto walipojaziwa dodoso kuhusu hali yao ya maisha, waliovaa na wasiovaa hawakutofautiana kwa maana. Nilitaka kubisha. Nikasema dodoso haliwezi kupima gwaride. Lakini nikamkumbuka yule msichana aliyetulia na mama yake anayelia, nikaona labda mimi nimekuwa nikisoma kitabu kwa macho ya mama.

Niliyajua zaidi hayo mwaka 2018, wakati binti wa mdogo wangu wa kiume alipogunduliwa ana upinde wa digrii 28. Hospitali waliyompeleka, Dar es Salaam, walimtengenezea kifaa cha plastiki, cheupe, chenye mikanda mitatu nyuma. Daktari alitaja saa 18 kwa siku, na aliyataja maneno hayo yote akimwambia baba mtu, huku mtoto amekaa katikati yao kama kifurushi. Mwezi wa pili mdogo wangu alinipigia simu. "Dada, hakivai. Anatudanganya. Njoo useme naye, wewe anakusikia." Kilichofichika ndani ya maneno hayo nilikielewa: njoo umwonyeshe mgongo wako, aogope.

Nilifikiri sana njiani, ndani ya basi. Ningeweza kumtisha. Lakini ningekuwa natumia uongo, kwa sababu maisha yangu hayakuwa ya kutisha. Wako madaktari wa Iowa waliowafuatilia kwa miaka 50 watu waliokuwa na hali kama yangu bila tiba, wakatoa habari zao mwaka 2003: wengi waliishi, walifanya kazi, walizeeka kama wengine, wakiwa na maumivu ya mgongo zaidi ya wenzao na kutoridhika na umbo lao. Hiyo ndiyo habari yangu kamili. Mtu angeweza kuiandika kwenye kaburi langu. Sasa ningemwambia mtoto nini? Kwamba asipovaa atakuwa mimi? Nami nikae palepale nikiwa mfano wa yasiyotakiwa, safari hii kwa kinywa changu mwenyewe?

Nilimpelekea Deenie. Nakala ile ile, sasa kurasa zake zimekuwa rangi ya chai. Nikamwambia ni hadithi ya zamani na Kiingereza chake ni chepesi, basi. Alikisoma kwa siku mbili. Siku ya tatu alikuja barazani nilipokuwa nachambua mchele, akakaa mkekani.

"Shangazi, huyu Deenie hajui joto."

Nikamuuliza ana maana gani. Akasema mwandishi ameeleza upele na nguo kuchanika, lakini hajaeleza jasho linavyoshuka ndani ya plastiki saa saba mchana daladala imejaa, na harufu yake, na kwamba mtu aliyekaa jirani anagonga kwa kiwiko anasikia ko ko kama anabisha hodi. Alisema hayo bila kulia, kwa hasira ya mhakiki ambaye amekuta mwandishi kapunguza. Nilicheka hadi mchele ukamwagika. Kasoro hiyo mimi sikuwa nimeiona kwa miaka thelathini na minne. Mgongo wangu haukuwahi kuvalishwa kitu.

Kisha akauliza kama ni lazima ziwe zile saa za daktari. Nikamweleza habari ya kile kidude cha joto na zile saa 13, na kwamba zaidi ni bora zaidi, na kwamba hayo ni ya kwenda kuzungumza na daktari yeye mwenyewe, kwa mdomo wake. Akahesabu kwa vidole: usiku mzima, asubuhi kabla ya shule, jioni baada ya kuoga. Mchana wa joto akautoa. Walipokwenda tena hospitali alimwambia baba yake amwache aingie kwanza. Sijui walichosemezana humo ndani. Alitoka na karatasi iliyoandikwa saa 16, na mdogo wangu alinisimulia kwa sauti ya mtu aliyeibiwa.

Alikivaa miaka miwili na miezi minne. Jumapili alikuwa akiiba, najua, na nilinyamaza. Kitabu hakukirudisha. Mara ya mwisho nilipokiona kilikuwa na maandishi ya penseli pembeni, kwa Kiswahili, kuanzia ukurasa ule wa mkasi na nywele, na sikuomba kuyasoma.